Mafunzo ya kumbukumbu yafanyikie zahanati

Mhariri,

Wauguzi wa Bagamoyo wanaofundishwa utunzaji wa kumbukumbu wafundishwe zahanati kwao, kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kikiwa wazi mezani. Ukumbini mtu hujaza fomu tupu. Makosa yamo katika zilizokwisha kujazwa.

Mfano ni saa. Mama mwenye uchungu anapewa rufaa, patografu (chati ya kufuatilia uchungu) inasomeka "njia sm 5, saa 8", yaani mlango wa kizazi umefunguka sm 5. Kwetu saa 8 ya usiku ni 02:00. Anayempokea hospitali huenda akasoma 08:00, na hapo saa 6 za uchungu zimeyeyuka: aliyekwama ataonekana ndiyo kwanza ameanza. Njia hupimwa kila saa 4, mapigo ya mtoto kila nusu saa, basi hebu pimeni wenyewe ukubwa wa kosa hilo. Iandikwe 02:00, tarakimu nne, pale pale glavu zinapovuliwa.

Uzito nao husahaulika. Mtoto wa kilo 14 mwenye malaria hupewa kidonge 1 cha ALu, dawa ya mseto, kila dozi, wa kilo 15 hupewa 2. Uzito usipoandikwa, mtoa dawa atakisia kwa kumtazama.

Kingine ni presha. Ukurasa wenye 120/80 mistari kumi mfululizo haukuandikwa na mashine. Kama mashine imeharibika, iandikwe "haikupimwa, mashine mbovu". Nafasi wazi haisemi kitu, na namba ya kubuni inasema uongo. Majina je? Akina Fatuma Ali huku pwani hawahesabiki, kwa hiyo kitongoji na namba ya kadi visikose.

Zoezi lenyewe ni la asubuhi moja. Chukueni mwezi uliopita: hesabuni wenye malaria katika kitabu cha OPD (wagonjwa wa nje), kisha waliothibitishwa katika rejista ya maabara, kisha dozi kamili za ALu zilizotoka kwenye leja ya dawa. Mmoja asome, mwenzake apige vistari vitano vitano, halafu wabadilishane. Namba zikipishana, rudini mstari kwa mstari hadi siku ilipoanzia tofauti. Mara nyingi mtakuta ni siku ya msongamano, muuguzi mmoja akichoma sindano na kuandika jioni kwa kukumbuka.

Hilo lifanyike mapema, si usiku wa tarehe 6 ripoti ikisubiriwa wilayani kesho yake. Na kalamu ifungwe kwa kamba kitabuni, maana huazimwa isirudi.

Mdau wa takwimu za afya,
Bagamoyo