Kesi na simu zinawanyamazisha kabla ya risasi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Ripoti yenu ya juma lililopita kuhusu vitisho kwa waandishi wa habari za uchunguzi imenishinda kuinyamazia. Mmewahesabu waliouawa. Kesi hamkuzigusa, wala sisi tunaowapa nyaraka.

Mwandishi wa habari za uchunguzi Daphne Caruana Galizia aliuawa kwa bomu ndani ya gari lake, Malta, tarehe 16 Oktoba 2017. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameshafunguliwa kesi za kashfa zaidi ya 40, na akaunti zake za benki zilikuwa zimezuiwa. Wanaofungua kesi za namna hiyo hawajali kushinda. Wanataka mwandishi aishiwe pesa na muda akizunguka mahakamani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzibana mwaka 2024 tu.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu. Niliona ankara moja imelipwa mara tatu, nikampelekea mwandishi nakala. Kijana alikuwa makini: simu zetu alizifungia chumba kingine, jina langu hakuliandika popote, nakala aliipiga picha kwa kamera akanirudishia palepale. Habari ilipotoka wakaja watu na hati ya upekuzi, wakabeba simu yake. Siku ya nne bosi akaniita, akanisogezea karatasi yenye namba yangu na ujumbe mmoja niliowahi kumtumia yule kijana: "Nimefika, niko mlangoni." Maneno matatu! Jioni ile sikuwa na kazi. Na gazeti lake likaifuta habari mtandaoni usiku, bila kuwaeleza wasomaji kwa nini, kama vile haikuwahi kuandikwa.

Halafu kijana mwenyewe hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na kesi ilipokuja akaambiwa atafute wakili wake. Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti, Tanzania, tarehe 21 Novemba 2017, naye alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Mnawatuma hawa kwenye habari za hatari, mnawakana wakikamatwa.

Naomba hivi: ukurasa wa kwanza, kando ya jina la gazeti, wekeni kisanduku kila siku. Jina la mwandishi aliyeshtakiwa, aliyefungwa au aliyetoweka, na idadi ya siku tangu yamkute. Wa kujitegemea wawemo. Kisiondolewe mpaka kesi ifungwe au mtu apatikane.

Karani wa zamani