Turuhusiwe kupima mabehewa ya zamani kabla hayajakatwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wasimamizi wa stesheni za reli kutoka hapa Nakuru hadi Kisumu. Mimi huunda modeli za treni nyumbani, na ninayoipenda kuliko zote ni gondola, yaani behewa la mizigo lisilo na paa, lenye kuta fupi, la kubebea vyuma chakavu na magogo.

Wengi huniuliza kwa nini nisiagize lililo tayari. Ya Kimarekani yapo tele, kwa kipimo cha 1 kwa 87, yaani madogo mara 87 kuliko behewa halisi, lakini hukaa juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisha mara 87 upate milimita 1,435, upana wa SGR, reli yetu mpya. Reli yetu ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja, ambayo kwa kipimo hicho ni milimita 11.5 tu. Kwa hivyo behewa letu sharti liundwe kwa mkono.

Kazi yenyewe ni tamu mno. Kuta nazikata kwa plastiki nyembamba ya mafundi wa mabango. Vichwa vya ribiti, ile misumari inayounganisha mabati ya behewa, navitokeza kwa kubonyeza sindano butu nyuma ya bati la mkebe wa soda, kimoja baada ya kingine, rula ikiniongoza. Behewa lenye paa ukishalifunika, ndani hakuna anayepaona. Gondola iko wazi hadi sakafuni, basi lazima utie mibonyeo ya vyuma vilivyotupwa humo, na kutu pembeni maji yanapotuama. Uzito nao ni mtihani. Behewa la sentimita 14 linataka gramu 100 hivi lisije likaacha reli kwenye kona, na hapa hakuna pa kuficha kitu. Mimi hubandika nati chini ya sakafu, kisha juu nikapakia mabaki ya chuma yaliyojikunja kutoka kwa fundi wa kukereza. Hayo ndiyo shehena, na ndiyo uzito.

Ninachokosa ni vipimo. Katika stesheni moja nilifukuzwa na mlinzi nikiwa na futi mkononi, kando ya behewa lililoota nyasi magurudumuni. Simlaumu, maana chuma cha reli huibwa. Ila nilipopita tena, behewa halikuwepo. Lilikuwa limekatwakatwa likauzwa kwa kilo.

Injini za mvuke zina watetezi wengi, na makumbusho ya reli Nairobi yamezitunza vizuri. Mabehewa yaliyobeba mzigo wenyewe nani atayasemea?

Ombi langu ni dogo. Tutengewe siku, tuje na vitambulisho, tuandamane na mfanyakazi wa stesheni, tupime urefu, kimo cha kuta na nafasi kati ya magurudumu, tupige picha za breki. Na kama kuna kabati lenye michoro ya enzi za East African Railways, turuhusiwe kuinakili. Kila mchoro nitakaouchora, nakala yake nitaiacha stesheni bila malipo.

Mpenzi wa reli,
Section 58, Nakuru