Kwa mabinti zangu mnaowaachisha watoto ziwa

Wanangu,

Titi la mama anayenyonyesha limejaa vifuko vya maziwa, na mafuta yamesukumwa pembeni. Mtoto akiacha, maziwa husimama humo ndani, na seli zilizoyatengeneza huanza kujifia kwa utaratibu. Kwa panya, watoto wakirudishwa ndani ya siku 2 maziwa huendelea. Wakichelewa, vifuko huvunjwa. Kwetu kazi hiyo huchukua miezi.

Mwanzoni seli za vifuko zilizo hai ndizo zinazomeza jirani zao waliokufa. Kisha kinga ya mwili huleta makrofaji, chembe nyeupe walaji, zimalizie mabaki. Vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazovunja vitu, hukata nyuzi za zamani za titi, mafuta hurudi. Ni kazi ile ile ya kidonda kinachopona, ila haina homa wala wekundu. Tena kinga hujizuia wakati huo isije ikaushambulia mwili wake, na watafiti wanaona hapo ndipo seli ya saratani iliyojificha inaweza kupata upenyo. Huenda hiyo ni sababu mojawapo hatari ya saratani ya matiti hupanda kiasi baada ya uzazi na kufikia kilele karibu na mwaka wa 5. Kwa mama kijana hatari hiyo bado ni ndogo, na kunyonyesha kwenyewe kunaipunguza maishani, kama asilimia 4 kwa kila miezi 12. Kwa hiyo msiogope kunyonyesha.

Achisheni polepole. Ondoa zamu moja kila baada ya siku 3 hadi 5, ya usiku iwe ya mwisho. Titi likikaza, kamua kiasi cha kupata nafuu tu. Ukilimaliza, mwili utatengeneza mengine. Weka kitambaa baridi. Kanga msiifunge kifuani kwa nguvu, inabana mirija na maziwa yanakwama. Shubiri na pilipili kwenye chuchu (najua bibi zenu watanigombeza) humkatisha mtoto ghafla, na ngozi ikichubuka vijidudu vinapata mlango.

Sehemu ikiwa nyekundu, ya moto, na homa ikafika 38.5, endelea kuyatoa maziwa na uende kituo cha afya. Usingoje zaidi ya siku moja. Isipotibiwa huweza kuwa jipu, na usaha wake huhitaji kuvutwa kwa sindano, mara nyingine kupasuliwa.

Lakini uvimbe usiouma ndio mnaoupuuza, mkisema ni maziwa yaliyoganda. Ukidumu wiki 2, taka ultrasaundi, hata kama bado unanyonyesha. Fanya hivyo pia ukiona damu kwenye chuchu, chuchu iliyozama ghafla, uvimbe kwapani, au ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa. Na ukipewa dawa za kuua vijidudu ukazimaliza na wekundu ukabaki, usikubali dozi ya pili kabla ya kupimwa. Mwambie daktari mtoto aliacha lini na uvimbe uliuona lini.

Bibi yenu, mkunga mstaafu