Glavu na aproni hamkatwi hela

Habari za jioni wapendwa, mnaofanya kea, yaani kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, hapa Uingereza hii inawahusu. Glavu, aproni, barakoa, hivyo ni vifaa vya kinga, mwajiri anatakiwa akupe bure, sheria ya afya na usalama kazini ya 1974 kifungu cha 9 inamkataza kukuchaji hata peni moja, na tangu tarehe 6 Aprili 2022 hata nyie mnaookoteza shifti bila ajira ya kudumu mmo humo humo, msidanganywe. Yunifomu ya kawaida ndo tofauti kidogo, wanaweza kukata kama ulisaini, ila makato yakikushusha chini ya kima cha chini cha mshahara hapo wamekosea, saini au bila saini. Hebu cheki peslipu, ile karatasi ya mchanganuo wa mshahara, kale kamstari ka yunifomu huwa kanajificha chini kule. Ukikaona nitumie picha inboksi, ziba jina lako.