Si Inua Jamii inayowazuia akina mama kazini

Mhariri,

Maneno kwamba pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuzisaidia nyumba maskini, zinawafanya wazazi wakatae kazi yamerudi barazani, na wengi wanaoyasema hawajashika kalamu wakapiga hesabu.

Nyumba maskini inayolea yatima, ikiwa kwenye orodha ya mpango huo, hupata Sh2,000 kwa mwezi, na hulipwa Sh4,000 kila miezi miwili, zisipochelewa. Pesa hizo ni za nyumba, si za mtoto. Bibi mwenye mjukuu mmoja na mwenzake mwenye watano hupokea sawasawa. Kiwango chenyewe hakijaguswa kwa zaidi ya miaka 10, na bei ya unga kila mtu anaijua.

Sasa tutazame kazi. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha Sh16,113.75 kwa yaya, mfagiaji au bawabu wa mchana katika jiji kama Mombasa. Mwajiri asiyempa nyumba humwongezea asilimia 15 ya kulipia kodi ya nyumba, jumla Sh18,530. Hapo hukatwa akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Makato ni Sh1,899, karibu sawa na Inua Jamii yenyewe! Mkononi zinabaki Sh16,631.

Tuseme mama anatoka Likoni. Feri ni bure kwa aendaye kwa miguu, lakini matatu si bure. Nauli ikiwa Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, kwa siku 26 ni Sh2,600. Watoto wawili wakiangaliwa kwa Sh100 kila mmoja kwa siku, ni Sh5,200. Anabaki na Sh8,831, zaidi ya mara nne ya Inua Jamii. Hakuna mwenye akili timamu atakayeziacha hizo afuate elfu mbili.

Lakini yaya akilipwa Sh8,000 bila hati ya mshahara, toa nauli na malezi zile zile. Anabaki na Sh200. Kwa mwezi mzima! Huyo akikaa nyumbani anaitwa mvivu, na lawama inatupiwa Inua Jamii, hata kama hajawahi kuipata.

Wanaotuletea mjadala wa Uingereza kuhusu msaada na kazi pia wanachanganya mambo. Kule, mzazi aliye kwenye Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hukatwa peni 55 za msaada huo kwa kila pauni anayochuma kupita kiwango alichoruhusiwa, kwa hiyo swali la kama kazi inalipa lina msingi. Huku hakuna mkato wa kidogo kidogo. Nyumba imo kwenye orodha au haimo.

Anayelipwa chini ya kima adai hati ya mshahara kila mwezi, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 inampa haki hiyo, kisha aende nayo ofisi ya kazi. Asikubali kuambiwa yeye ni kibarua tu: aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huhesabiwa mwajiriwa wa mwezi. Asikawie pia, maana madai hufa baada ya miaka 3. Na anayekatwa SHIF apige *147# ahakikishe watoto wamesajiliwa chini yake. Wengi hukatwa kila mwezi, halafu wakifika hospitalini na mtoto wanaambiwa jina halipo.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa