Kabla ya kununua mtaala wa hesabu wa mtoto anayesomea nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeuliza ni mtaala upi wa hesabu unaomfaa mtoto wa miaka mitano anayesomeshwa nyumbani. Najua anataka atajiwe kitabu. Sitamtajia, maana kitabu kilekile kinaweza kumfaa mtoto mmoja na kumkwamisha mwenzake wa umri uleule. Ni afadhali nimweleze cha kumpima mtoto kabla ya kununua, na kurasa za kufungua akiwa ameshika kitabu mkononi.

Aanze na mtoto. Aweke mezani vifuniko saba vya chupa amwambie avihesabu. Watoto wengi watavigusa kimoja kimoja, moja mpaka saba, bila kukosea, na mzazi atafurahi mapema. Amuulize sasa: "Kwa hiyo viko vingapi?" Mtoto anayeanza upya kuhesabu kutoka moja hajajua bado kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Kipimo kigumu zaidi ni kumwekea rundo la vifuniko na kumwambia, "Nipe vitano." Akichota tu na kukukabidhi, basi kitabu cha kujumlisha kingoje. Anachohitaji kwa sasa ni kuhesabu vitu halisi kila siku: kupanga vijiko, kugawa penseli, kuleta vitu kwa idadi aliyoambiwa. Akipewa kitabu kabla ya hapo, atajifunza kujaza visanduku tu.

Akivuka hilo, mzazi aweke vifuniko vitano, mtoto avione, kisha avifunike kwa kiganja na kuweka vitatu pembeni. Vyote ni vingapi? Mtoto anayetaka kiganja kiondolewe ili aanze moja yuko hatua ya chini. Anayesema "tano… sita, saba, nane" ameshapanda ngazi, na kitabu cha mwanzo kabisa kitamchosha. Mitaala mingi mizuri ina jaribio la kumpanga mtoto, yaani la kuonyesha aanzie kitabu kipi. Litumike, na matokeo yake yafuatwe hata yakimrudisha kitabu kimoja nyuma. Viwango vya wachapishaji havilingani. Kazi iliyomo kwenye kitabu cha pili cha mtaala mmoja unaweza kuikuta kwenye cha tatu cha mwingine.

Sasa kitabu chenyewe. Ukurasa wa kwanza kuutafuta ni ule ambapo jumla inavuka kumi, kwa mfano 8 + 5. Hapo ndipo mitaala inapoachana. Upo unaochora ndege wanane na ndege watano na kumtaka mtoto awahesabu wote. Upo unaomtaka akariri tu. Unaofaa humpa fremu ya kumi, yaani visanduku kumi vilivyopangwa safu mbili za vitano vitano. Mtoto anajaza vifuniko vinane, anaona visanduku viwili vitupu, anachukua viwili kutoka kwenye vile vitano na kuvijaza. Nje ya fremu vimebaki vitatu. Kumi na tatu, na hakuna aliyehesabu kutoka moja.

Njia hiyo inasimama juu ya mambo mawili, kwa hiyo rudi kurasa za nyuma uone kama yamefundishwa kwa wiki kadhaa au yamepitwa kwa siku moja. La kwanza ni jozi zinazofanya kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. La pili ni kuzivunja namba ndogo, kwamba 5 ni 2 na 3, au 4 na 1. Mtoto mwenye la kwanza bila la pili anajua nane inadai mbili, lakini hajui tano ikitoa mbili inabaki ngapi, na anarudi kwenye vidole. (Vidole vyenyewe si kosa. Ukivikataza, atavihesabu chini ya meza.)

Ukurasa wa pili ni wa makumi na mamoja. Hapa kuna jaribio ambalo kila mzazi anapaswa kulifanya angalau mara moja. Mpe mtoto wa miaka sita au saba vifuniko 16, andika 16 kwenye karatasi, zungushia ile 6 na umwambie akuonyeshe vifuniko vyake. Atatenga sita. Kisha zungushia ile 1. Wengi watakuonyesha kifuniko kimoja, na ukiwauliza vile tisa vilivyobaki ni vya nani, watashangaa nawe. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa anaandika namba mpaka 100 bila kukosea. Akifundishwa kutoa kwa safu katika hali hiyo, 52 − 27 itampa 35, kwa sababu kwenye mamoja anaona 2 na 7 na kutoa ndogo kwenye kubwa. Kwake hizo ni tarakimu mbilimbili zilizosimama juu na chini, hakuna kumi la kufungua.

Kwa hiyo tafuta mtaala unaomfungisha mtoto vijiti kumi kumi kwa uzi, mafungu matatu na vijiti vinne, aandike 34, kisha afungue fungu moja pale anapotaka kutoa sita. Kazi hiyo itangulie safu, na idumu muda mrefu. Kitabu kinachoanza na kukopa na kubeba, kikaeleza mafungu baadaye kwa kurasa mbili, kirudishe kwenye rafu.

La tatu linakaguliwa kwa dakika mbili. Pitia haraka uone alama ya = imekaa wapi. Kama maswali yote ni ya sura ya 3 + 4 = __, mtoto atachukulia kwamba alama hiyo maana yake ni "andika jibu hapa". Siku atakapokutana na 8 + 4 = __ + 5 ataandika 12, na mwingine atajumlisha zote aandike 17. Kitabu kizuri huchanganya mapema: 7 = 3 + __, 6 + 2 = 5 + __, hata 9 = 9.

Mafumbo nayo yaangaliwe. Ikiwa neno "zaidi" kila mara linamaanisha kujumlisha, mtoto ataacha kusoma na kuanza kuwinda maneno. Mpe hili: Asha ana penseli 8, ambazo ni 3 zaidi ya za Juma, Juma ana ngapi? Aliyezoea kuwinda atakujibu 11.

Karibu kila mchapishaji siku hizi anadai kufuata utaratibu wa vitu, kisha picha, kisha alama. Chimbuko lake ni kazi ya mwanasaikolojia Jerome Bruner miaka ya 1960, na Singapore iliujengea ufundishaji wake wa hesabu kuanzia miaka ya 1980. Dai hilo ni rahisi kulipima: picha ya vijiti iliyochapishwa si vijiti. Kama vitu, picha na alama vyote vimebanwa ukurasa mmoja, mtoto ataruka vitu, na huwezi kumlaumu.

Kuhusu mtindo, kuna mitaala inayokaa kwenye mada moja mpaka ieleweke na kuna inayozunguka, ikigusa mada nyingi kidogo kidogo na kuzirudia. Ya kukaa huwachosha wanaoelewa upesi, na mada ya mwanzo wa mwaka husahaulika isiporudiwa; mzazi aongeze maswali matatu au manne ya zamani kila siku. Ya kuzunguka huficha pengo, kwa sababu ukurasa wa leo unahama kabla mtoto hajakwama vya kutosha kuonekana. Kwa mtoto wa miaka mitano mimi naegemea ya kukaa, hasa kwenye kumi.

Kosa la gharama ni kununua kitabu cha mazoezi cha mtoto na kuacha kiongozi cha mwalimu ili kuokoa pesa. Somo limo kwenye kiongozi: useme nini, uweke nini mezani, na mtoto akikosea umrudishe wapi. Kitabu cha mazoezi peke yake ni mtihani wa somo ambalo halikufundishwa. Kama pesa haitoshi vyote viwili, nunua kiongozi, maswali utayaandika mwenyewe.

Muda: dakika 10 hadi 15 kwa mtoto wa miaka mitano, 20 hadi 30 akifika saba, na theluthi mbili ya muda huo iwe kwa vitu na mazungumzo. Mashindano ya kasi ya kupimwa kwa saa yangoje mpaka mtoto awe na njia ya kulipata jibu. Kabla ya hapo humfundisha kubahatisha.

Mtoto akianza kulia juu ya kitabu, usikimbilie kununua kingine. Kifunge kwa wiki mbili, rudini kwenye fremu na mafungu, kisha mfungulie mada aliyoielewa mara ya mwisho. Mitaala haifuati mpangilio mmoja, na kila unapohama kuna mada inayoangukia katikati: cha zamani kilikuwa hakijaifikia, kipya kinadhani imeshafundishwa. Sababu nzuri ya kuhama ni pale kiongozi kinapomtaka mzazi maandalizi ya saa nzima kwa somo la robo saa, kwa kuwa mtaala wa aina hiyo utaachwa kabla ya mwaka kuisha. Ukihama, chukua jaribio la kumpanga la huo mpya, na maswali anayokosa yafundishwe kwanza kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Ni mimi,
Mwalimu wa hesabu za awali