"Atakua ataacha" si jibu kwa mtoto wa miaka 9

Ndugu Mhariri,

Mzazi akiuliza kuhusu mtoto wa miaka 9 ambaye bado anasema "thamaki" badala ya "samaki", au "lafiki" badala ya "rafiki", mara nyingi huambiwa: mwache, atakua ataacha. Kwa mtoto wa miaka 4 nakubali. Sauti kama r na s huchelewa, na watoto wengi hujirekebisha bila kusaidiwa na mtu. Lakini akishavuka miaka 8, ulimi umeshazoea kwenda kombo, na kila mwaka wa kungoja ni mwaka mwingine wa mtoto kunyamaza darasani ilhali jibu analijua.

(Simzungumzii mtoto mwenye lafudhi ya lugha ya mama. Lafudhi si kasoro wala haihitaji tiba.)

Tiba ya usemi ni kazi ya subira. Kwanza masikio hupimwa, kwani sauti asiyoisikia vyema mtoto atashindwa kuitoa vyema. Kisha hufundishwa kusikia tofauti, na mahali pa kuweka ulimi: kwenye s, ncha yake ibaki nyuma ya meno, isichomoze katikati. Sauti hutamkwa peke yake, halafu sa, se, si, halafu neno, sentensi, na mwishowe mazungumzo. Hapo mwishoni ndipo penye ugumu, na ndipo wazazi wengi humwachisha mtoto. Wamemsikia akitamka "samaki" sawasawa mbele ya mtaalamu, wakaona kazi imekwisha. Akienda kucheza na wenzake, kithembe kimerudi. Yanahitajika marudio mengi sana, na dakika chache za mazoezi nyumbani kila siku, mpaka atamke vizuri bila kufikiria.

Kupuliza filimbi na kunyoosha ulimi, ambako wengi hukutumainia, hakujathibitika kurekebisha matamshi. Sauti hufunzwa kwa kuitamka. Na mtoto anaposimulia jambo kwa furaha, nawasihi wazazi msimkatize kwa "sema vizuri!" Mjibuni alichosema, na lile neno mlitamke ipasavyo ndani ya jibu lenu.

Walimu wenzangu, mtoto wa namna hii asisimamishwe kusoma kwa sauti huku darasa likicheka. Mwiteni mzazi wake, mweleze mnachokisikia, na mumhimize amwone mtaalamu wa usemi muhula huu huu.

Mwalimu wa shule ya msingi